Marehemu wa Malaba

Malaba, Jumatatu 14 Machi 1966

Naanza kuandika leo kwa sababu Edris ameniambia kwamba watu wenye majina makubwa huandika siku zao, ili wakifa wengine wasibahatishe. Edris ni Mwislamu wa Busia mjini. Lori lake la bluu hubeba samaki kutoka Osieko, na sasa limepata kazi ya kubeba watu wa sinema. Amewaleta leo: Wazungu wanne na mashine yenye jicho moja kubwa kama la ng'ombe. Wanataka kupiga picha ya chifu wa zamani na watu wake.

Malaba yote ilikimbia kuangalia. Mimi sikukimbia. Mtu aliyekuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akafika Burma, akampikia jenerali chapati mpaka jenerali akatoa machozi mbele ya askari, huyo hakimbilii lori. Nilitembea upesi tu.

15 Machi

Mvua. Hakuna picha.

16 Machi

Mvua. Mzungu mkubwa amekaa mlangoni mwa hema anaangalia mawingu kama mtu aliyenyimwa chakula. Nimemwambia Edris amweleze kwamba mimi niliwahi kusimamisha garimoshi la mizigo hapa stesheni kwa kulikazia macho tu. Edris akasema, "Nitamwambia, mzee. Nikipata nafasi."

Ijumaa 18 Machi

Nimechaguliwa!

Walitupanga wanaume mstari mmoja mbele ya stesheni. Emojong, fundi baiskeli, alikuja amevaa tai ya kuazima kwa katekista, shati halina kola. Mimi na Emojong tunakunywa ajono, pombe yetu ya wimbi, kutoka chungu kimoja tangu tukiwa vijana, na mirija yetu inagusana kila Jumamosi. Lakini ni mtu ambaye akisikia mwenzake anasifiwa, tumbo linamuuma.

Mzungu alipita akitushika kidevu mmoja mmoja kama yuko mnadani. Akafika kwangu, akasimama, akanizunguka mara mbili, akasema neno. Edris akatafsiri, "Wewe ndiye chifu." Emojong akapewa kibuyu, abebe nyuma.

Nilianza hapo hapo kutoa hotuba. Edris akanishika mkono.

"Mzee Odeke, pole kidogo. Picha inaanza siku ile chifu amekufa."

"Sasa mimi nasema nini?"

"Husemi kitu. Umekufa."

"Hata neno la mwisho?"

"Lilishasemwa kabla picha haijaanza."

Emojong alicheka mpaka akashikilia baiskeli ya mteja. "Jameni! Ili Odeke anyamaze, kumbe ni lazima auawe kwanza!"

Mimi nikamjibu, picha inamhusu nani? Inamhusu marehemu. Nyinyi wengine mnanililia tu. Halafu Edris akaniambia kitu ambacho kimeninyima usingizi: jina langu litaandikwa ukutani kwa mwanga, ODEKE, herufi kubwa, na litasomwa Nairobi na Ulaya.

Nyumbani nimemwambia mke wangu Amuron kwamba nimekuwa chifu. Neno la kufa sikulitaja, kwa sababu Amuron anaogopa sana mambo ya matanga. Akasema, "Chifu wangu, basi kesho chota maji wewe, mimi nakwenda Amukura kumsaidia kaka kupalilia wimbi."

Benedetta alikuwa jikoni akicheka. Huyu Benedetta ni mtoto wa dada yangu, marehemu Amongin. Baba yake hakuleta ng'ombe hata kilema, kwa hiyo msichana ni wa boma langu, na mimi mjomba ndiye baba. Mwalimu mmoja wa Nambale, Callistus, anamtaka. Watu wake wataleta ng'ombe mvua ikipungua. Nimemwambia Benedetta, utaolewa kutoka nyumba ya mtu mwenye jina ukutani. Akasema, "Sawa, mjomba. Mradi uwepo."

21 Machi

Mvua. Nimefanya mazoezi ya kufa kitandani. Nimelala.

Alhamisi 24 Machi

Leo jua lilitoka. Nitaandika yote, maana sijui kama nimefanya jambo kubwa au jambo baya, na labda nikiliona kwenye karatasi nitajua.

Walinipaka majivu, wakanilaza juu ya ngozi ya ng'ombe, wakanifunika nguo ya gome la mti mpaka kifuani. Mzungu akasema, na Edris akatafsiri, "Ukifungua jicho, kila kitu kimeharibika. Filamu imebaki kidogo." Nikamwambia sawasawa. Huko Burma nilijifanya maiti siku mbili, Wajapani wakikalia tumbo langu wakila wali.

Wanawake wakaanza kulia. Mzungu hakupenda. Ati wanalia kama watu waliopoteza kuku. Edris, ambaye si mtu wa kwetu na hajui, akamwendea mpiga ngoma akamwambia, "Baba, piga ile yenyewe."

Sasa, ile yenyewe haipigwi hivi hivi. Ile ngoma ikilia, mtu wa ng'ambo ya mto anaweka jembe chini na kuuliza, nani? Mpiga ngoma alisita. Nikamnong'oneza bila kufungua jicho: piga, mimi ndiye mwenye kifo. Akapiga.

Hapo wanawake walilia kweli. Kila mmoja alikumbuka wake. Nduru ikapanda kilima, ikavuka mto Malaba, nikasikia upande wa Uganda wameipokea wanaipeleka mbele kuelekea Tororo. Nililala pale nikafikiri, Odeke, hata jenerali hakupata hivi. Wakarudia na kurudia, mashine ikinguruma kama paka, mpaka jua likapinda.

Halafu nikasikia sauti moja inakuja mbio kutoka barabarani, na hiyo haikuwa ya kukodiwa.

Mtu wa baiskeli alimkuta Amuron shambani kwa kaka yake akamwambia, Odeke wako amelazwa juu ya ngozi. Alikuja kwa miguu kutoka Amukura. Alijitupa kifuani kwangu. Alinukia udongo wa wimbi. Akasema, "Odeke! Nani atanidanganya sasa?" Akasema, "Hadithi za Burma nitazisikia wapi? Nilijua ni uongo, lakini nilikaa nisikie." Chozi lake liliniingia sikioni. La moto. Mzungu alikuwa ananong'ona kwa furaha, na mashine iko karibu kabisa.

Sikufungua jicho.

Nilisema moyoni, kidogo tu, Amuron, picha iishe.

Waliposema imetosha nikakaa, nikamwambia mke wangu, tena kwa tabasamu, "Umelia vizuri kuwashinda wote!"

Alikuwa amekwisha kuvua kitambaa cha kichwa, na kiunoni amejifunga jani kavu la mgomba kama mjane.

"Ulikuwa unasikia?"

"Yote," nikasema.

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alisimama, akarudi barabara ya Amukura na jani lake kiunoni.

25 Machi

Mashemeji wamefika kutoka Tororo, wamenyoa vichwa, wameleta jogoo wa matanga. Wamenikuta nakula mihogo. Hakuna aliyenipa mkono. Jogoo wamemwacha nje ya ua.

Jumamosi 26 Machi

Nimekwenda kwa Emojong kunywa ajono. Mahali pangu palikuwapo, mrija wangu haukuwapo. Nikauliza. Wote wakaangalia ndani ya chungu. Emojong akasema, "Jamaa yangu, nani atakupa mrija? Umeliliwa. Mtu anakunywaje na aliyeliliwa?"

"Lakini mimi mzima!"

"Hilo naliona. Nduru haijaliona."

Wazungu wameondoka leo. Edris anasema picha itakuja na gari la sinema la serikali, labda wimbi likianza kukomaa.

Jumapili 10 Aprili, Pasaka

Padri amehubiri habari za kufufuka. Watu waligeuka wakaniangalia. Sikujua niangalie wapi. Amuron hajarudi.

14 Aprili

Mvua.

19 Aprili

Nimekwenda Amukura kumchukua mke wangu. Kaka yake alikuja mpaka mlango wa ua, hakufungua. Mvua inanyesha, mimi nje, yeye chini ya gunia.

"Mwambie Amuron mume wake amekuja."

Akaingia, akatoka. "Anasema yeye ni mjane."

"Mjane wa nani, na mimi nimesimama hapa?"

Akaingia tena, akatoka. Huyu shemeji amelowa bure leo. "Anasema mume wake alimwona kwa macho yake. Alimwita, hakuitika. Na wewe ukae salama."

Nimerudi kwa miguu. Njiani nilijisemesha kwa sauti ili nihakikishe.

2 Mei

Jambo la ajabu. Watu wametoka Nambale, wanne, wamekuja kuniona. Watoto waliwaongoza: "Marehemu yuko huku!" Wakasimama mbali wakaniangalia, mmoja akauliza, "Huko kukoje?" Nikawaeleza. Nikasema kuna barabara ya lami na taa. Walifurahi sana.

9 Mei

Wamekuja wengine, na mmoja ni mke wa stesheni masta. Sasa kila garimoshi likisimama kuna mtu anaonyeshwa nyumba yangu. Hili ndilo jina kubwa nililolitaka, au si lenyewe? Wanakuja wengi kuniona lakini hakuna anayekaa. Kiti nilichowawekea kimeota ukungu.

Mvua haikatiki. Mbwa wangu ameacha kubweka nikirudi usiku. Najua ni kwa sababu ananizoea. Anajua ni mimi. Lakini zamani alikuwa akibweka.

Jumatano 18 Mei

Leo imekuja barua ya mdomo kutoka Nambale. Mwalimu Callistus mwenyewe ameileta, amesimama na baiskeli yake nje ya ua, viatu vimejaa matope. Baba yake amesema hawezi kuingiza ng'ombe kwenye boma lenye matanga ambayo hayajamalizwa. Wapokelewe na nani? Na maiti?

"Mwalimu," nikasema, "wewe umesoma. Unaona mimi mzima?"

"Mimi naona, mzee. Lakini ng'ombe si wangu, ni wa baba."

Benedetta alingoja aondoke. Kisha akaja akapiga magoti mbele yangu kwa heshima, lakini maneno hayakupiga magoti. "Mjomba, ulisema nitaolewa kutoka nyumba ya mtu mwenye jina. Sasa nyumba haina mama, haina baba, ina jina tu. Nitapikia jina?"

19 Mei

Nimekwenda kwa mzee Ikapel, ambaye ndiye anayemaliza mambo ya matanga katika ukoo wetu. Nilimpelekea tumbaku. Hakuigusa mpaka nimeiweka chini.

Anasema nduru ikishatoka hairudi kooni. Inadai mtu wake. Njia ni moja: likatwe shina la mgomba, lifungwe sanda, lizikwe kwa jina la Odeke, watu walie waliobaki kulia, wanyoe, wanywe, wamalize. Mimi nipewe jina jingine la ukoo, nianze upya. Amuron atakuwa huru kurudi au kutorudi. Ng'ombe wataingia.

"Na jina langu la kwanza?"

"Liko kaburini. Mtu akilitaja, tunasema alikuwepo. Mtu akiliitikia, ameyafungua matanga upya na ni yake."

"Mzee, kuna picha inakuja. Jina hilo litaandikwa kwa mwanga."

Ikapel aliniangalia kama mtu anayeangalia ng'ombe aliyekula nguo kwenye kamba. "Basi likae huko kwenye mwanga," akasema. "Na wewe ukae gizani."

Nilimwambia nitafikiri.

20 Mei

Nafikiri.

27 Mei

Nimefikiri hivi: picha ikija kwanza, nikaonekana, nikapigiwa makofi, kisha wazike mgomba. Nimemwambia Ikapel. Akasema, "Na msichana angoje makofi?"

6 Juni

Mvua ya mawe. Wimbi limelala upande mmoja. Benedetta ameacha kuimba akisaga.

11 Juni

Nimemsimulia Benedetta ile ya mamba wa Osieko niliyempiga ngumi akatapika kengele ya kanisa. Ni hadithi nzuri. Amuron alikuwa akiniuliza kengele ililia au haikulia, na mimi husema ililia Angelus, sala ya adhuhuri. Benedetta hakuuliza. Niliimaliza peke yangu na nikasikia ilivyo ndefu.

Sijui tena. Nilidhani mtu akijulikana na wengi anakuwa mwingi. Mbona mimi napungua?

12 Juni

Nimemtuma Benedetta kwa Ikapel. Nimesema ndiyo.

Jumamosi 18 Juni

Leo nimezikwa.

Walikata shina refu, wakalipima na mimi, tukalingana. Ikapel alilifunga shuka langu la kitandani. Niliambiwa nikae nyuma ya jikoni, nisichungulie, lakini nilichungulia. Emojong alibeba upande wa miguu. Nataka kuandika kwamba alifurahi, lakini nilimwona anafuta macho kwa mkono wenye grisi, akabaki mweusi usoni.

Amuron alikuja. Mjane ni lazima aje. Hakulia hata kidogo, kilio chake alikwisha kukitoa. Alitupa udongo wake, akakata lile jani la kiunoni kwa kisu, akalitupa shimoni.

Kisha walinitoa nyuma ya jikoni, Ikapel akanipulizia ajono usoni, akasema, "Huyu ni Egwang, mtoto wa ukoo wetu. Amekuja." Nikapewa mrija. Nilipovuta ile ya kwanza karibu nilie, lakini Egwang hawajamzoea, nikajizuia.

Ikapel akamwuliza Amuron kama mtu huyu atamfaa nyumbani. Amuron akasema, "Nitamwangalia kwanza." Amebaki. Analala nyumba ya Benedetta.

29 Juni

Neno limefika kutoka Nambale. Ng'ombe wataingia tarehe thelathini Julai.

Mvua imepungua. Amuron ananipa chakula na kuniita Egwang. Anasema, "Egwang, karibu." Kama mgeni.

8 Julai

Tunavuna wimbi, lile lililosimama.

Jumapili 24 Julai

Gari la sinema lilikuja jana jioni. Edris alikuwa ndani, kashika kipaza sauti, amevaa kofia mpya. Walifunga shuka kubwa jeupe kwenye ukuta wa bohari la stesheni. Edris alitangaza kwamba picha yenyewe bado haijakwisha, lakini wameleta kipande ili watu wa Malaba wajione wa kwanza.

Tulikaa chini: mimi, Amuron, Benedetta kati yetu. Benedetta alinishika mkono. Alijua. Ng'ombe wanakuja Jumamosi hii.

Mwanga ukawaka, na herufi zikatokea. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, lakini hizo nilizisoma haraka. O-D-E-K-E. Ukuta mzima. Watu wakapiga kelele. Kisha ngoma, kisha maiti juu ya ngozi. Nataka kuandika ukweli: mtu yule alikufa vizuri sana.

Lakini halafu mashine ikamwacha. Ikageukia barabara. Na kwenye shuka akatokea Amuron, mkubwa kuliko bohari, anakimbia bila kitambaa. Uso wake. Siku ile mimi nilikuwa nimefunga macho, sikuuona. Watu mia wa Malaba waliuona, Wazungu waliuona, mimi tu ndiye sikuuona. Kinywa kilikuwa kinasema na sauti haikusikika, wameweka ngoma juu yake. Lakini mimi nilijua anachosema. Mimi na yeye tu.

Yule maiti hakufungua jicho. Nilimwambia polepole, fungua, mpumbavu wewe. Hakufungua.

Taa zikawaka. Edris akapaza sauti: "Yuko wapi mchezaji wetu, Odeke wa Malaba? Ajitokeze! Kuna bwana wa gazeti hapa, apigwe picha! Odeke! Odeke!"

Mkono wa Benedetta ulikaza. Malaba yote ilikuwa inajua ni nani, na hakuna aliyegeuka kuniangalia. Mzee Ikapel alikuwa ameinamia fimbo yake. Magoti yangu yalianza yenyewe kunyanyuka, Mungu ni shahidi, kama magoti ya mtu mwingine. Edris akaita mara nyingine. "Odeke!"

"Mimi!"

Alikuwa Emojong. Alisimama na ile tai ya katekista. Akapita katikati ya watu akipunga mikono yote miwili, akapanda kwenye gari, akamshika Edris mkono, na Edris akachanganyikiwa kwa sababu alimjua ni yule wa kibuyu, lakini bwana wa gazeti alikwisha kupiga. Taa yake ikamulika kama radi. Nimemjua Emojong tangu ujana, sijawahi kumwona mzuri hivyo. Watu walipiga makofi kwanza. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakakumbuka jina aliloitikia, makofi yakafa. Aliposhuka walimfungulia njia pana. Pana mno.

Ikapel akanyanyuka, akasema kwa uchovu, "Haya. Kesho nitahitaji mgomba mwingine."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilikuwa najua njia ile ilivyo baridi. Nilimpita Emojong karibu, nikamwambia, "Jumamosi nitakuwekea mrija, wasipokupa." Hakunisikia. Alikuwa bado anaangalia shuka, na lilikuwa jeupe tupu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Benedetta alitangulia na wasichana wenzake, wanaimba. Amuron alikuwa kando yangu, si nyuma na si mbele. Baada ya muda akasema:

"Yule maiti anafanana na mume wangu wa kwanza."

Nikauliza, "Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mwongo," akasema. "Lakini hadithi zake zilikuwa tamu." Tukatembea. "Na wewe, Egwang, tangu uje hujasema kitu. Umewahi kufika wapi?"

Burma ilinijia mdomoni, na jenerali, na mamba na kengele yake. Vyote vilikuwa vya yule wa kaburini. Nilijitafuta mifukoni nikakuta safari moja tu.

"Amukura," nikasema. "Nilifika Amukura mwezi wa nne. Nilisimama kwenye mvua nje ya ua, nikamwita mwanamke mmoja, hakutoka."

Amuron alikunja nguo yake kidogo, tukavuka reli.

"Hiyo ni fupi," akasema. "Endelea."